Uliza Bi Mhandisi: Mnara wa ethanoli unaokataa kutulia

Barua za mwezi huu zinazunguka jambo moja: ukenekaji (kutenganisha vimiminika kwa kuvichemsha na kukusanya mvuke wake) wa michanganyiko ya azeotropi, yaani ile inayofika mahali ikakataa kutenganishwa zaidi, na namna ya kuuiga kwenye kompyuta. Ni somo ninalolipenda kuliko mengi, kwa hiyo barua moja nimeijibu kwa urefu na nyingine kwa ufupi. Naanza na ndugu yetu wa Mji wa Kale hapa Mombasa, kwa sababu swali lake ndilo mlango wa mengine yote.

*Bi Mhandisi, shikamoo. Mimi huchanganya manukato hapa Mji wa Kale. Spiriti ninayonunua imeandikwa asilimia 96. Nilimuuliza muuzaji kwa nini hawaikeneki mara moja zaidi ifike 100, akakosa jibu. Je, ni ubahili wa kiwanda?*
Muuza manukato, Mji wa Kale

Marahaba, ndugu yangu. Hapana, kiwanda hakikubanii. Ethanoli safi huchemka kwenye nyuzi 78.3 na maji kwenye nyuzi 100. Ukichemsha mchanganyiko wake, mvuke unaopanda huwa na ethanoli nyingi kuliko kimiminika kilichobaki chini, na ukirudia hivyo trei juu ya trei ndani ya mnara (trei ni sahani ambapo mvuke na kimiminika hukutana), ethanoli inazidi kukolea. Lakini ikifika asilimia 95.6 kwa uzito, mvuke na kimiminika vinakuwa na kipimo kile kile. Vyote viwili vinachemka pamoja kwenye nyuzi 78.2, chini kidogo hata ya ethanoli yenyewe. Hali hiyo ndiyo azeotropi. Ongeza trei 10, ongeza 100, hakuna kitakachosogea. Kwa ujazo ni karibu asilimia 97, na kiwanda husimama kidogo kabla ya hapo kwa sababu kila hatua ya mwisho inakula mvuke mwingi kwa faida ndogo.

Kwa manukato, 96 inakutosha. Ethanoli kavu kabisa ni ghali, na kwa hewa yetu ya pwani chupa ikikaa wazi huanza kuvuta unyevu papo hapo. La kukazia ni hili: usiingie tamaa ya spiriti ya kuchomea kwa kuwa ni rahisi. Hutiwa methanoli, na methanoli ni sumu. Haipakwi mtu mwilini.

*Shikamoo Bi Mhandisi. Mradi wangu ni kukausha ethanoli kwa kutumia benzini, kama zoezi lilivyo kitabuni. Kwenye programu ya kuiga mitambo nimechagua Peng-Robinson kuwa mlinganyo wa kukadiria tabia ya mvuke na kimiminika, nikaweka mnara wa hatua 30 (yaani trei), dikanta (chombo cha kutenganisha matabaka ya kimiminika) na mkondo wa kurudi juu, kisha nikataka ethanoli ya asilimia 99.9 itoke chini. Programu inazunguka mpaka mizunguko inaisha, halafu inasema haikupata jibu. Nimeongeza mizunguko kutoka 100 hadi 1000, na nimehamisha hatua ya kuingizia mchanganyiko kila mahali. Mradi unatakiwa karibuni. Nifanye nini?*
Mwanafunzi, Tudor

Marahaba, mwanangu. Acha kuongeza mizunguko. Mizunguko 1000 juu ya msingi mbovu haikufikishi popote, na kuhamisha hatua ya kuingizia kwa kubahatisha ni kujinyima usingizi bure. Funga faili hiyo. Fungua mpya, na usiweke mnara ndani yake. Mnara tutaufikia mwisho.

Kwanza Peng-Robinson. Ni mlinganyo wa mwaka 1976 nami nauheshimu. Miaka niliyokuwa kazini kwenye kiwanda cha mafuta cha Changamwe, kabla usafishaji wa mafuta ghafi haujasimama mwaka 2013, hesabu za petroli, mafuta taa na dizeli tulizifanya kwa milinganyo ya ukoo huo, na ilitufaa. Molekuli za mafuta zinafanana tabia. Ethanoli na maji ni habari nyingine: zinashikana kwa vifungo vya haidrojeni, huku benzini ikielewana na ethanoli na kuyakataa maji. Hapo unahitaji modeli inayopima jinsi kila molekuli inavyoathiriwa na majirani zake. Chukua NRTL, iliyotolewa na Renon na Prausnitz mwaka 1968, au UNIQUAC ya Abrams na Prausnitz ya mwaka 1975. Utakuta wengine wanakushauri Wilson ya mwaka 1964. Kwa ethanoli na maji peke yake ni nzuri sana, lakini kwa umbo lake la kihesabu haiwezi kamwe kutoa matabaka mawili ya kimiminika, na zoezi lako lote limesimama juu ya matabaka mawili.

Kuchagua NRTL kwenye menyu hakujamaliza kazi. Una jozi tatu: ethanoli na maji, ethanoli na benzini, benzini na maji. Kila jozi ina vigezo vyake, yaani namba zinazoieleza modeli jinsi vitu hivyo viwili vinavyoathiriana. Fungua jedwali la vigezo uvione kwa macho yako. Jozi ikikosekana katika hazina ya programu, programu nyingi huweka sufuri na kuendelea bila kukuambia neno, na sufuri hapo maana yake ni kwamba vitu hivyo viwili vinachanganyika bila ugomvi wowote. Benzini na maji yakiachwa na sufuri, dikanta yako haitatenganisha kitu hata ukisubiri hadi kesho. Kwa jozi hiyo chagua vigezo vilivyotokana na vipimo vya matabaka mawili, si vya mvuke. Katika barua zote za wanafunzi ninazopokea, jedwali hili ndilo linalorukwa, na ndilo linalowaumiza. Nawaomba kwa moyo wote, msiliruke.

Sasa uipime modeli kabla ya kuiamini. Chora mchoro wa joto wa ethanoli na maji kwenye shinikizo la angahewa moja. Uone sehemu ya chini kabisa ya mstari ikiangukia nyuzi 78.2. Programu nyingi huchora kwa moli, yaani kwa hesabu ya molekuli badala ya uzito, kwa hiyo usishtuke kuona 0.89 badala ya 0.956, ni mahali pale pale kwa kipimo kingine. Kisha itake programu ikutafutie azeotropi ya vitu vitatu. Vitabu vinaiweka kwenye nyuzi 64.9, ikiwa na benzini asilimia 74.1, ethanoli 18.5 na maji 7.4, kwa uzito. Hii ndiyo inayochemka mapema kuliko vyote humo ndani, na ndiyo siri ya mbinu hii: benzini ni mchukuzi, inayabeba maji juu ya mnara na kuiacha ethanoli ishuke ikiwa kavu. Sydney Young alilionyesha jambo hilo mwaka 1902, miaka mingi kabla ya kompyuta.

Jaribio la tatu ndilo ninalolipenda. Chukua kilo 100 za mchanganyiko huo wa nyuzi 64.9, uupoze kwenye skrini hadi nyuzi 25, uone kama unagawanyika. Unapaswa kupata matabaka mawili, kama tui linavyojitenga na maji yake likiachwa litulie. La juu lina benzini asilimia 86, ethanoli 12.7 na maji 1.3 tu. La chini lina maji 43.1, ethanoli 52.1 na benzini 4.8. La juu ni kilo 85 hivi na la chini kilo 15. Modeli yako ikikosea kidogo, endelea. Isipotoa tabaka la pili, simama hapo hapo urudi kwenye jedwali la vigezo.

Tazama vizuri namba hizo, maana ndizo zitakazokupa makadirio ya kuanzia. Chukua kalamu. Sema kilo 100 za ethanoli ya asilimia 95.6 zinaingia mnarani. Ndani yake mna maji kilo 4.4, na yote lazima yatoke kupitia tabaka la chini. Tabaka la chini ni asilimia 43.1 maji, kwa hiyo utatoa kilo 10.2 za tabaka hilo, likiondoka na ethanoli kilo 5.3 na benzini nusu kilo. Ili upate kilo 10.2 za chini, mvuke wa juu uwe karibu kilo 69.5. Tabaka la juu linalorudi mnarani litakuwa kilo 59 na kidogo, na ndani yake benzini kilo 51. Ethanoli itakayotoka chini ya mnara ni 95.6 ukitoa 5.3, yaani kilo 90.3.

Umeona? Bila programu yoyote sasa unajua kila mkondo utakuwa na ukubwa gani. Mvuke halisi hautakuwa azeotropi kamili, kwa hiyo namba zitasogea, lakini zitasogea karibu na hapo. Ungeitaka programu itoe kilo 92 za ethanoli safi chini, ingekuwa unataka kisichokuwepo: za ziada zingekuwa maji au benzini. Hilo ndilo lililokupata, mwanangu. Ulitaka asilimia 99.9 bila kuangalia kwanza ni kilo ngapi zinazowezekana kutoka chini, na kompyuta ikahangaika kutafuta jibu ambalo halipo.

Sasa mnara. Uweke bila kondensa ndani yake: mvuke utoke juu, uende kwenye kipozeo, kisha dikanta. Mkondo wa kurudi usiuunganishe bado. Uandike kwa mkono kama mkondo wa pili unaoingia trei ya juu kabisa: kilo 59 za tabaka la juu kwa vipimo nilivyokupa, na uongeze benzini nusu kilo kufidia ile inayoondoka na tabaka la chini. Washa hesabu ya vimiminika viwili kwa trei za juu na kwa dikanta, maana matabaka yanaweza kujitenga ndani ya mnara wenyewe. Kwa njia ya kutafuta jibu, tumia ya Newton. Aspen Plus, programu ya kulipia ya kuiga viwanda, ina chaguo maalumu la azeotropi katika mnara wake uitwao RadFrac, limewekwa kwa kazi hii hii. Masharti yawe moja tu, nalo ni kilo zinazotoka chini: weka 90. Usafi usiuweke kama sharti kwanza. Uache ujitokeze, uusome.

Ikitulia, usikimbilie kunakili majibu. Fungua mchoro wa joto la kila hatua. Juu utaona nyuzi 65 hivi, chini nyuzi 78.3, na katikati joto linaruka kwa ghafla ndani ya hatua chache. Mruko huo ndio mpaka kati ya sehemu yenye benzini na sehemu ya ethanoli kavu. Ongeza benzini kidogo katika mkondo wa kurudi, utauona ukishuka kuelekea chini. Ongeza zaidi, benzini itatokea kwenye ethanoli yako. Punguza, maji yatateremka. Nafasi kati ya hayo mawili ni finyu sana, na ni vyema uipime mwenyewe kwa kusogeza namba moja tu kila mara. Saa moja ya kuutazama mruko huo ukipanda na kushuka itakufunza kuliko sura nzima ya kitabu.

Ndipo ufunge mzunguko. Unganisha tabaka la juu na trei ya juu, ukitumia namba zako kama makadirio. Kisha ongeza mnara wa pili unaopokea tabaka la chini: maji yatoke chini yake, na mvuke wake wenye ethanoli na benzini urudi kwenye dikanta au mnara wa kwanza. Baada ya hapo benzini inayopotea ni chembe tu, na hapa ndipo wengi hukwama mara ya pili. Wanaandika benzini ya kufidia kwa namba ya kukisia, tuseme gramu 50, wakati inayotoka ni gramu 12. Kila mzunguko unabakiza gramu 38 ndani, hazina pa kutokea, na hesabu haitulii milele. Usiikisie. Iandikie programu fomula: benzini ya kufidia ni sawa na jumla ya benzini inayotoka chini ya minara yote miwili. Ukishafanya hivyo mzunguko hutulia.

Nakuongezea mambo mawili. Mwaka 1979 Magnussen, Michelsen na Fredenslund walionyesha kwamba mchanganyiko huu huu wa ethanoli, maji na benzini unaweza kutoa majibu matatu tofauti kwa masharti yale yale. Kwa hiyo ukianzia mahali tofauti na mwenzako mkapata majibu yasiyofanana, si lazima mmoja awe amekosea. Andika katika ripoti umeanzia wapi na mruko wako wa joto uko hatua ya ngapi. La pili ni dikanta. Kitabu kimeiweka nyuzi 25, lakini wewe uko Mombasa. Miezi ya kaskazi maji ya kupozea hayatakupa nyuzi 25 kwa uaminifu. Piga hesabu ya pili kwa dikanta ya nyuzi 40, uone matabaka yanavyokaribiana na mzigo wa mkondo wa kurudi unavyobadilika. Msimamizi wako akiliona hilo atajua umefikiri juu ya kiwanda, si juu ya kitabu peke yake.

*Bi Mhandisi, sina leseni ya Aspen Plus na kompyuta yangu ni ya mitumba. Kuna njia nyingine?*
Mwanafunzi, Likoni

Ipo, tena nzuri. Chukua DWSIM, iliyoanzishwa na Daniel Medeiros wa Brazili. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na inakubali Windows na Linux. Ina NRTL na UNIQUAC, na jedwali la vigezo unaweza kuliandika mwenyewe. Kwa minara migumu napenda COCO pamoja na ChemSep, ambayo nayo ina toleo la bure, inatumia Windows. Zoezi la mwenzako wa Tudor linafanyika kwa yoyote kati ya hizo.

Aspen Plus ni chombo kikubwa. Kilitokana na mradi ulioanza chuo kikuu cha MIT, Marekani, mwaka 1976 wakati wa shida ya nishati, na kampuni ikaundwa mwaka 1981. Uliza chuoni kwako kama wana leseni ya maabara. Usiweke nakala ya wizi. Mbali na uharamu wake, mara nyingi hazina yake ya vigezo huwa imekatwa, na wewe sasa unajua vigezo ni nini. Na kwa jinsi stima inavyokatika, hifadhi faili kila mara mnara unapotulia, kwa jina jipya, ili uwe na pa kurudia.

*Shikamoo mama. Nimehamia Changamwe kutoka Nairobi. Kule ethanoli yetu ya maabara ilikuwa ikichemka nyuzi 73, hapa ni 78. Kipimajoto ni kile kile. Pia nimesoma kwamba ukipunguza shinikizo azeotropi inapotea kabisa. Kwa nini basi watu wahangaike na benzini, si wangetumia pampu ya kunyonya hewa?*
Mfanyakazi wa maabara, Changamwe

Marahaba, baba. Kipimajoto chako ni kizima. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na shinikizo la hewa kule ni kilopaskali 83 hivi. Hapa tuko ufukweni, ni 101. Kwa kilopaskali 83 ethanoli huchemka nyuzi 73 na nusu. Ndiyo maana mtu anayeiga kiwanda cha bara kwenye kompyuta asiache shinikizo la kawaida ambalo programu huliweka yenyewe. Joto la kila trei litakuwa limepanda nyuzi tano kuliko ukweli, na atamsumbua fundi wa watu kwa kosa ambalo halipo mnarani.

Swali lako la pili ni la akili sana. Ni kweli: shinikizo likishuka hadi karibu milimita 70 za zebaki, yaani kilopaskali 9 hivi, azeotropi ya ethanoli na maji hutoweka, na kwenye karatasi unaweza kukeneka mpaka ethanoli kavu. Lakini jiulize utatumia kitu gani kuupoza mvuke hadi ugeuke kimiminika. Kwa milimita 70, ethanoli huchemka kwenye nyuzi 28. Maji ya bahari yetu wakati wa kaskazi hupita nyuzi 28. Kondensa yako itakuwa na maji ya kupozea yenye joto sawa na mvuke au zaidi, na hapo hakuna kitakachogeuka kimiminika. Utalazimika kununua mtambo wa kupoza, mnara uwe mpana sana kwa sababu mvuke wa shinikizo dogo unachukua nafasi kubwa, na trei ziwe nyingi kwa sababu mvuke na kimiminika bado vinafanana mno karibu na mwisho. Liweke hilo kwenye DWSIM uone kipenyo cha mnara kitakachotoka. Utaelewa kwa nini watu hawakulifuata.

Mbinu ya shinikizo hufaa pale azeotropi inaposogea sana kwa mabadiliko ya shinikizo yanayowezekana kirahisi. Tetrahaidrofurani (kiyeyushi cha viwandani) na maji ndio mfano wa vitabuni: minara miwili, mmoja wa shinikizo dogo na mwingine kubwa, bila kuongeza mchukuzi.

*Bi Mhandisi, kwa heshima. Benzini inaleta saratani. Viwanda vya siku hizi vinakausha ethanoli kwa zeolaiti, madini yenye vitundu vidogo vinavyonasa maji. Mbona mnawafunza vijana mambo ya zamani?*
Fundi, Mikindani

Umesema kweli juu ya benzini, na nashukuru umeliandika waziwazi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka katika kundi la kwanza, la vitu ambavyo imethibitika vinasababisha saratani kwa binadamu. Ninaikubali kwenye skrini peke yake, kwa sababu namba zake zimepimwa kwa undani na zimo vitabuni, kwa hiyo mwanafunzi ana cha kulinganisha. Kiwandani nafasi yake ilichukuliwa na saikloheksani katika sehemu nyingi, na minara inafanana. Mwanafunzi asipewe benzini mkononi aichezee maabara.

Na juu ya zeolaiti pia hukukosea. Tangu miaka ya 1980 viwanda vipya vya ethanoli vimezielekea. Ile iitwayo 3A ina vitundu vya angstromu 3 (angstromu ni kipimo cha udogo wa molekuli): molekuli ya maji, ya 2.8 hivi, inapenya. Ya ethanoli, ya karibu 4.4, inabaki nje. Matangi mawili yanapokezana, moja likikausha na jingine likifukuza maji yaliyolijaa. Ni safi, na hakuna mchukuzi wa kuogopa ndani ya bidhaa.

Ila usifunge kitabu hapo, bwana fundi. Ethanoli ni moja tu. Asidi ya asetiki inayotumika kutengeneza malighafi ya poliesta hutenganishwa na maji kwa minara ya azeotropi hadi leo, mchukuzi akiwa esta kama butili asetati. Kijana atakayekwenda kwenye kiwanda cha namna hiyo bila kujua dikanta inavyofanya kazi atakuwa mgeni mbele ya mtambo wake mwenyewe. Na ipo michanganyiko ambayo haihitaji mchukuzi hata kidogo, nayo ndiyo ningependa vijana waanze nayo kabla ya benzini. Butanoli na maji ni mmojawapo. Azeotropi yake huchemka karibu nyuzi 93, na ikipozwa inajigawa yenyewe: tabaka la juu lina butanoli asilimia 80 hivi, la chini asilimia 7 na nusu tu. La juu lipeleke mnara mmoja, chini yake utapata butanoli kavu kwenye nyuzi 118. La chini lipeleke mnara wa pili, chini yake utapata maji. Mivuke yote miwili irudi kwenye dikanta moja.

Vitu ni viwili tu, jozi ni moja, na jedwali la vigezo lina mstari mmoja wa kukagua. Wewe una mikono ya fundi na macho ya kuona mtambo. Tafuta kijana mmoja hapo Mikindani mwenye kompyuta, mkae pamoja mliandike hilo la butanoli, na mkikwama kwenye mnara wa pili nileteeni mchoro wa joto pamoja na jedwali la vigezo mlilotumia. Bila jedwali hilo siwezi kuwajibu.